Kwa Kamishna Jenerali wa Zimamoto na Uokoaji: mapumziko na mshauri viwe amri

Ndugu Kamishna Jenerali,

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, Temeke. Askari wako nawapokea wakiwa na majeruhi mikononi: ajali ya bodaboda Barabara ya Kilwa, moto Tandika, mtoto aliyetumbukia kisimani. Wanakabidhi, wanaandikisha, wanaondoka.

Mmoja alimleta mtoto ambaye hatukuweza kumwokoa. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono, akafunga koki, akaifungua tena, akanawa upya. Mwenzake akamwambia, "Twende, kuna tukio jingine." Wakaenda.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo. Waokoaji walipitisha maji, glukosi na oksijeni kwa watu waliokuwa wakiwasikia wakiongea chini ya kifusi. Mtu uliyeongea naye hivyo, ukamwambia avumilie unakuja, akikata kauli kabla hujamfikia, unaondoka na sauti yake. Majeruhi walipelekwa hospitali. Waokoaji wana zamu inayowasubiri.

Dalili nazijua kwa kuwa na sisi wauguzi tunazo. Usingizi wa kushtukashtuka, hasira kwa watoto nyumbani, pombe baada ya kazi. Baya zaidi ni huruma kukauka. Mtu aliyekuwa mpole anaanza kumfokea mama aliyefiwa, na watu wanasema ana roho mbaya. Hana roho mbaya. Ameona vifo vingi mno bila kupata pa kuvitua, na akilalamika anaambiwa ajikaze, atazoea.

Naomba usiliache hili kwenye hiari. Hakuna askari atakayegonga mlango wa mshauri huku wenzake wanamtazama, akihofia litaingia kwenye jalada lake na kumkwamisha cheo. Toa amri kwamba kikosi kilichotoa maiti kipumzike kabla ya kurudi zamu, na kila mmoja aonane na mshauri, mkuu wa kituo akiwa wa kwanza. Asilazimishwe kusimulia, kumsimulisha mtu kwa nguvu siku ileile kunaweza kumtonesha. Aulizwe analala, anakula? Kisha atafutwe tena baada ya wiki kadhaa, maana wengi huanza kuumwa wakati kila mtu ameshasahau. Jalada lisiguswe.

Wataalamu hawako mbali. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Kinondoni. Muhimbili kuna madaktari wa magonjwa ya akili. Anza na vituo vya Temeke na Kinondoni. Huku Mbagala tunakumbuka mabomu ya ghala la jeshi yalivyolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na wapo waliookota majirani zao siku ile ambao hadi leo radi ikipiga wanatetemeka. Hao hawakuwa hata na sare.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Mbagala

Nakala: Wizara ya Afya, kwa kuwa wauguzi na madereva wa magari ya wagonjwa nao wanahitaji amri hiyohiyo.