Programu isiyo na adabu

Mvua imeshika Uluguru tangu asubuhi, mlima wote ukungu, nimejifungia hosteli na laptopu. Leo nina la moyoni.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliandika kaprogramu ka Java ka kuingiza alama za wanafunzi. Kisanduku cha jina, kisanduku cha alama. Kinachopokea unachopiga kwenye kibodi ndicho chenye fokasi. Nikaweka sheria: kisanduku kikipoteza fokasi kikiwa kitupu, ujumbe uruke, "Jaza kwanza!" Nikajiona mjanja kweli.

Mwalimu mwenyeji wangu, mama mtu mzima, akaruka jina na kubonyeza kisanduku cha alama. Ujumbe huo! Sasa ujumbe nao ni dirisha, umeshanyakua fokasi, kwa hiyo kisanduku cha alama nacho kikalalamika kimeachwa kitupu. Ukifunga huu, unakuja ule. Tukazima programu kwa nguvu, alama za nusu darasa zikapotea. Akaniuliza, "Mwanangu, hii kitu yako inagombana na nani?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Msimamo wangu tangu siku hiyo: mtu akiondoka kwenye kisanduku, usimgombeze. Hifadhi alichoandika kimyakimya, weka rangi nyekundu palipo na kasoro, ukaguzi wa mwisho ngoja abonyeze kitufe cha kumaliza.

Halafu Java yenyewe hukuambia kama fokasi imepotea kwa muda tu. Unaiuliza isTemporary ndani ya focusLost. Mtu kaenda dirisha lingine kuangalia rejista, atarudi. Mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda chooni unamfuta darasani? Mstari mmoja huo ungeniokoa.

Najua kuna watakaosema bila ujumbe kuruka watu watajaza ovyo. Sawa, betri ikikaribia kuzima, ruka tu, utanishukuru. Lakini kwa jina tupu? Hata Windows, tangu toleo la 98, huzibana programu za nyuma zisijilete mbele kiholela. Kitufe chake kinamulika tu kule chini, mwenye kazi aamue.

Jamani, sisi ni walimu watarajiwa. Mwalimu anayemkatiza mtoto kila neno hamfundishi, anamtia woga. Yule mama alirudi kwenye daftari na kalamu, na sikuwa na la kumwambia.

Haya, UE inanukia, tukasome. Alamsiki!