Vita vya megabaiti moja

Mwezi Agosti 2015, msimamizi wa jukwaa kubwa la Bitcoin kwenye mtandao wa Reddit, anayejulikana kwa jina la theymos, aliwaandikia wanachama maelezo ya kwa nini alikuwa akifuta mijadala yao. Alisema bila kuficha kwamba ikiwa asilimia 90 ya wanachama wanaona sera zake hazivumiliki, basi asilimia 90 hao anataka waondoke. Mtu huyo huyo alikuwa pia msimamizi wa Bitcointalk, jukwaa lililoanzishwa na Satoshi Nakamoto, mvumbuzi wa Bitcoin. Hivyo barza mbili ambazo mgeni yeyote angezifikia kwanza akitaka kuijua sarafu hii zilikuwa chini ya mkono mmoja.

Sarafu yenyewe ilikuja duniani Januari 2009 ikijinadi kwamba haina mwenyewe. Haina benki kuu, haina gavana, haina waziri wa fedha wa kupigiwa simu usiku. Wengi tulivutiwa na ahadi hiyo, na bado ina mvuto kwa yeyote aliyewahi kuona akiba yake ikiliwa na mfumuko wa bei. Lakini kitu kisicho na mwenyewe kikiingia kwenye mgogoro, nani anaamua? Ugomvi uliowagawa wapenzi wa mwanzo wa Bitcoin kati ya 2015 na 2017 ulitoa jibu, na jibu lenyewe halipendezi. Aliyekuwa na uwezo wa kuwafunga wenzake mdomo alipata nafasi kubwa kuliko wote katika kuamua. Hilo naliita kosa, ingawa nitaonyesha kwamba upande ulioshinda ulikuwa na hoja nzito.

Chanzo cha ugomvi ni namba ndogo sana. Miamala ya Bitcoin hukusanywa katika bloku, na bloku mpya hutoka kila baada ya dakika 10 hivi. Mwaka 2010 Satoshi aliweka kikomo cha megabaiti moja kwa bloku, na kwa kikomo hicho mtandao wa dunia nzima unamudu miamala michache tu kwa sekunde, chini ya kumi. Ni daladala moja inayotoka kituoni kila baada ya dakika 10, viti haviongezeki na kusimama hakuruhusiwi. Abiria wakiwa wachache, nauli ni ya kutupa. Wakijaa, wanapanda wanaotoa zaidi, na mwenye kidogo anabaki kituoni hadi usiku.

Wengi waliamini kikomo hicho ni cha muda. Oktoba 2010, pendekezo la kukiongeza lilipoletwa jukwaani, Satoshi alijibu kwamba linaweza kufanyika baadaye pakihitajika, akaandika na mfano mfupi wa programu: bloku zikipita namba 115,000, kikomo kikubwa kianze kutumika. Mwaka uliofuata akanyamaza kabisa. Tangu hapo kila upande ukamfanya shahidi wake. Hata Agosti 2015, ugomvi ulipopamba moto, ulitokea ujumbe uliotumwa kutoka kwenye anwani iliyowahi kuwa yake, ukiwapinga waliotaka mabadiliko. Haukuwahi kuthibitishwa, lakini ulinukuliwa kana kwamba umethibitishwa.

Upande wa bloku kubwa uliongozwa na Gavin Andresen, aliyeachiwa usimamizi wa programu na Satoshi mwenyewe, pamoja na Mike Hearn, aliyekuwa mhandisi wa Google. Walitoa programu yao, Bitcoin XT, ambayo ingepandisha kikomo hadi megabaiti 8 na kukiongeza maradufu kila miaka miwili. Upande wa bloku ndogo ulikuwa na wengi wa waandishi wa Bitcoin Core, programu kuu, akiwemo Gregory Maxwell, na nyuma yao Adam Back, ambaye kazi yake ya miaka ya 1990 ilitajwa na Satoshi katika andiko la kwanza la Bitcoin. Baadhi yao walifanya kazi katika kampuni ya Blockstream, jambo lililowapa wapinzani wao chanzo cha tuhuma kisichokauka.

Hoja ya bloku ndogo haikuwa ya kipuuzi, na wanaoicheka hawaitendei haki. Nguvu ya Bitcoin ni kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kukagua mwenyewe kila muamala tangu wa kwanza, bila kumwamini mtu. Piga hesabu: bloku 144 kwa siku, kila moja ikijaa megabaiti 8, ni zaidi ya gigabaiti moja kila siku ya kupakua na kuhifadhi, achilia mbali ongezeko la baadaye. Kijana wa Mbeya anayenunua bando la siku kwa simu hawezi kubeba mzigo huo. Atabaki kutegemea kampuni imkagulie. Kampuni zikibaki chache, serikali itaziita ofisini na kuzipa masharti, na sarafu isiyo na mwenyewe itakuwa imepata wenyewe kumi.

Lakini kijana huyo huyo anaumizwa na ada. Desemba 2017, bei ya Bitcoin ilipokaribia dola 20,000 na foleni ya miamala ikawa ndefu, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipanda hadi kupita dola 50. Kwa anayetaka kumtumia mama yake dola 30, habari inaishia hapo. Nairobi ilikuwa na kampuni ya BitPesa tangu 2013, iliyoanza kwa wazo la kutumia Bitcoin kupunguza gharama za kutuma fedha kuingia Afrika. Wazo hilo lilitegemea ada ndogo. Ukisoma mabishano ya miaka ile utaona pande zote mbili zikiapa kwamba zinamtetea mtu maskini asiye na benki: hawa wanamlindia haki ya kukagua, wale haki ya kulipa. Yeye mwenyewe hakuulizwa, na sehemu kubwa ya mjadala iliendeshwa kwa Kiingereza na watu ambao mtandao wao haukatiki.

Jambo kama hili, lenye hoja nzito pande zote, ndilo linalohitaji mjadala mpana. Na hapo ndipo theymos alipoweka sheria yake. Alisema XT, kwa kuwa ingebadilisha kanuni za msingi bila makubaliano ya wote, si Bitcoin, ni sarafu nyingine, na jukwaa lake ni la Bitcoin tu. Kwa hiyo kuitangaza XT ni kwenda nje ya mada, na mada hufutwa. Itazame sheria hiyo kwa makini. Pendekezo haliruhusiwi kunadiwa mpaka likubaliwe, na haliwezi kukubaliwa bila kunadiwa. Mlango umefungwa na ufunguo umeachwa ndani. Walioendelea kubishana walifungiwa akaunti, wengine wakiwa watu waliokuwepo tangu mwanzo, waliojibu maswali ya wageni usiku na mchana bila malipo.

Watetezi wa theymos husema jukwaa lilikuwa lake, na asiyependa angeanzisha la kwake. Kisheria ni kweli, na waliofukuzwa walihamia kweli kwenye jukwaa dogo la r/btc. Ila fikiria kilichotokea baada ya kuhama. Kila upande ukabaki na watu wanaokubaliana. Kule r/btc, tuhuma kwamba Blockstream imenunuliwa na mabenki ili kuiua Bitcoin zikawa habari ya kila siku, kwa sababu aliyeweza kuzipinga kwa hoja hakuwepo, na akijitokeza alizomewa. Kwenye jukwaa kubwa, kila aliyetaka bloku kubwa akawa wakala wa makampuni. Kompyuta zilizoendesha XT zilishambuliwa kwa mafuriko ya data mpaka baadhi zikazimika. Januari 2016 Hearn aliuza sarafu zake zote, akaandika kwamba jaribio la Bitcoin limeshindwa, akaondoka. Miezi michache baadaye Andresen alitangaza kuamini kwamba Mwaustralia Craig Wright ndiye Satoshi, na wenzake wakamwondolea ruhusa ya kuibadilisha programu kuu. Kuhusu Wright alikosea vibaya, na Machi 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba mtu huyo si Satoshi. Lakini jamii iliyokuwa imeanza na watu wa hoja ikawa imepoteza kwa miezi michache watu wawili walioujua mtambo huo kuliko karibu wote waliobaki wakitukanana.

Mwaka 2017 mambo yalifika kileleni. Bitmain ya China, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa mashine za kuchimba, yaani za kutengeneza bloku mpya, ilikuwa upande wa bloku kubwa pamoja na Roger Ver, mwekezaji wa mapema aliyebandikwa jina la Yesu wa Bitcoin. Aprili, Maxwell alitoa ushahidi kwamba mashine fulani za kuchimba zina njia ya mkato ya siri, ambayo mabadiliko yaliyotakiwa na Core, yaitwayo SegWit, yangeiziba. Bitmain ilikana kuitumia kwenye mtandao halisi. Mei, kampuni zaidi ya 50 zilikubaliana mjini New York kuipokea SegWit na kisha kupandisha kikomo hadi megabaiti 2, wakiwemo wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya uchimbaji. Watumiaji wa kawaida wakachachamaa. Walivaa kofia zenye herufi UASF, yaani mabadiliko yanayoanzishwa na watumiaji, na kutangaza kwamba kuanzia Agosti 1 kompyuta zao zitakataa bloku ya mchimbaji yeyote asiyeiunga mkono SegWit. Siku hiyo hiyo wa bloku kubwa wakajitenga na kuanzisha Bitcoin Cash. SegWit ikaanza kazi baadaye Agosti, na Novemba 8 waliosaini New York wakaacha mpango wa megabaiti 2, wakisema hawana makubaliano ya kutosha.

Masimulizi yaliyoshinda yanasema hapo watu wadogo waliyashinda makampuni makubwa. Nakubali kwamba kitu kikubwa kilitokea. Kampuni zilizoshika sehemu kubwa ya biashara ya sarafu hiyo zilikaa mezani, zikasaini, na miezi sita baadaye zikarudi nyuma mbele ya watu wasio na cheo. Sijui benki ngapi duniani zimewahi kufanyiwa hivyo na wateja wake.

Ninachokikataa ni kuita matokeo hayo sauti ya watumiaji, kwa sababu watumiaji hawakuwahi kuhesabiwa. Wengine walihesabu kompyuta zinazoendesha programu hii au ile, na mtu mmoja mwenye kadi ya benki anaweza kukodi mia moja kwa jioni moja. Wengine walihesabu nguvu ya uchimbaji, ambayo ilikuwa mikononi mwa makundi yanayohesabika kwa vidole. Wengine wakasema tuiangalie bei sokoni, na hapo mwenye sarafu 10,000 ana kura 10,000 na mwenye robo ana robo. Njia zote tatu zina kasoro, na kasoro hizo zingevumilika kama waliochagua wangekuwa wamesikia pande zote. Hawakusikia. Aliyejiunga mwaka 2016 na kuingia kwenye jukwaa kubwa alikuta upande mmoja umekwishafyekwa, akadhani hivyo ndivyo watu wote wanavyofikiri. Msimamo wake ulikuwa wake kwa dhati. Ila aliufikia akiwa ameonyeshwa nusu ya faili.

Inawezekana kabisa kwamba bloku ndogo zingeshinda hata kama hakuna neno lililofutwa. Mimi naelekea kuamini hivyo. Bitcoin Cash, iliyopata nafasi ya kuonyesha uwezo wake, haikuvuta watu kama ilivyotarajiwa, na Novemba 2018 ikapasuka yenyewe kwa ugomvi uliofanana sana na ule wa kwanza, safari hii Ver na Bitmain wakiwa upande mmoja na Wright upande wa pili. Kwa upande mwingine, mtandao wa Lightning walioupigania wa bloku ndogo, unaopitisha malipo madogo nje ya bloku, unafanya kazi. Huduma ya Machankura, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2022, inauwezesha kutumika hata kwa simu za vitufe. Lakini ushindi ambao mshindi wake aliogopa kuujadili hauwezi kumridhisha aliyeshindwa, na ndiyo maana mpaka leo kuna watu waliotoa miaka yao kwa Bitcoin na wanaoiita sarafu iliyoporwa. Wangeshindwa kwa hoja, mbele ya kadamnasi, wengi wao wangebaki na kuendelea kuijenga.

Ninayasisitiza haya kwa sababu Oktoba 2025 Core ilitoa toleo la 30, lililolegeza mipaka ya data zisizo za malipo zinazoweza kubebwa ndani ya miamala, na ugomvi ukawaka upya. Wanaopinga wamehamia kwenye programu iitwayo Knots inayotunzwa na Luke Dashjr, na wanahesabu kompyuta zinazoiendesha kama watu wanaohesabu kura. Wapo waliolalamika kwamba walizuiwa kutoa maoni mahali ambapo mabadiliko hayo yalijadiliwa. Miaka kumi imepita tangu XT, mali iliyomo ndani imekuwa ya matrilioni ya shilingi, vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wameweka humo akiba zao, na bado hakuna kanuni iliyoandikwa, kabla ugomvi haujaanza, inayosema nani anaweza kufuta maneno ya nani, kwa sababu gani, na aliyefutiwa akate rufaa wapi.