Ngozi ya bandia isichomwe kwa leza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya mafundi wanaoandika majina kwenye ngozi kwa mashine za leza.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi kipande nilichokata katika begi kuukuu, anitengenezee utepe wa kuweka alama kitabuni wenye jina la binti yangu. Nilidhani ni ngozi. Fundi naye hakuuliza. Mara moshi mkali ukapanda, macho yakatuwasha, na kijana aliyeshika mashine akakohoa hadi akakimbilia nje. Kumbe ni plastiki ya PVC! Ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi, ikaumiza mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe.

Hata ngozi halisi, iliyosindikwa kwa kromiamu si ya kuchomwa ovyo. Inayofaa ni ya magome ya miti, kama mkandaa wa wazee wetu wa pwani, tena maandishi yake hutokea vizuri.

Je, mteja atajuaje asipoambiwa? Wenye karakana wabandike ukutani orodha ya ngozi wanazopokea, na waweke feni ya kutolea moshi nje. Yule kijana hakuwa na hata dirisha.

Mzazi,
Morogoro.