Gari la Baba Lililo Juu ya Mawe



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi: mapenzi ya baba kwa gari lake la zamani. Huenda hapo kwako Isikizya lipo Peugeot refu la familia, stesheni wagoni, limepandishwa juu ya mawe chini ya mwembe. Kuku wanataga ndani yake. Kila ukitaja kuliuza, baba ananuna.

Kwanza tumwelewe. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Peugeot 404. Waliokuwa vijana wakati ule hawajasahau. Ikaja 504, na stesheni wagoni yake ya familia ilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma springi nne badala ya mbili. Ndiyo maana ilibeba watu na mizigo katika barabara mbovu. Kenya ilikuwa teksi ya safari za mbali, wakaiita Pijo.

Mapenzi haya si ya kwetu tu. Huko Australia wapo wanaoagiza stesheni wagoni za zamani za Marekani, kama Ford Country Squire yenye ubavu wa mfano wa mbao, ingawa usukani wake uko kushoto na wao, kama sisi, hupita kushoto mwa barabara.

Kwa hiyo, dada yangu, usimcheke mumeo mbele ya watoto. Lakini pia usinyamaze huku fedha za chakula zikiishia gereji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walibeba kama frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 32 hivi. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, si katikati ya pori. Nanyi pimeni mapema. Watoto wakishalala, ketini wawili mjibu haya:

1. Kadi ya gari ipo, na ina jina la nani?

2. Kutu imefika wapi? Peugeot hizi hazina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Injini hutengenezeka, lakini sakafu iliyooza humeza fedha. Aitwe fundi asiye rafiki wa baba.

3. Spea zitatoka wapi, na kwa bei gani?

4. Likipona litafanya kazi gani? Kupeleka asali na karanga mjini Tabora ni jibu. "Tutaona" si jibu.

5. Watoto watakaa wapi? Magari mengi ya miaka ile hayana mikanda nyuma. Ifungwe kwanza.

Kisha tengeni kiasi cha kila mwezi, baada ya chakula, dawa na sare za shule. Kikiisha, fundi angoje mwezi ujao. Kama hakuna cha kutenga, gari lifunikwe vizuri likae, msilikopee fedha.

Mpeni mwaka mmoja. Likiwa linatembea, panda kiti cha mbele ukamshukuru. Likiwa bado juu ya mawe, mwombe kwa upole aliuze kwa mtu anayelipenda. Akikumbuka kwamba hukumdharau, atakusikiliza.