Kuchanganya Lugha si Ugonjwa wa Mtoto

Mtoto wa miaka miwili na nusu anapomwambia mama yake "Mayu, nataka minzi", amesema jambo lililo kamili. Amemwita mama na kuyataja maji kwa Kisukuma, kisha ombi lenyewe akaliweka katika Kiswahili. Hata hivyo, kliniki ya mama na mtoto ni mahali ambapo sentensi ya namna hiyo huzua wasiwasi. Ushauri unaofuata nimeusikia mara nyingi, na hutolewa kwa nia njema: "Mama, acha hicho kilugha nyumbani, unamchanganya mtoto. Zungumza naye Kiswahili tu." Maoni yangu ni kwamba ushauri huo hauna msingi wa kitabibu, tena una madhara.

Bonde la Kilombero ni bonde la lugha nyingi. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wamekaa hapa kwa vizazi. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kule Kidatu vimewavuta watu wa mikoa mingi. Wafugaji wa Kisukuma nao wamehamia na ng'ombe wao. Mtoto wa Ifakara mjini aweza kusikia Kiswahili sokoni na Kipogoro kwa bibi. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia shambani kwa miezi kadhaa, na huko mtoto aweza kuisikia lugha ya bibi kutwa nzima. Kumpima mtoto huyo kwa Kiswahili peke yake, wiki chache baada ya mavuno, ni kama kumpima uzito mguu wake mmoja ukiwa nje ya mizani.

Mtoto huchanganya kwa sababu zinazoeleweka. Huenda neno analolihitaji analo katika lugha moja tu, au amewasikia watu wazima wakichanganya. (Sisi madaktari hatuna haki ya kumcheka: sikilizeni mizunguko yetu wodini, ambako sentensi huanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza bila mtu kushtuka.) Isitoshe, mchanganyiko huo una kanuni. Mtoto wa shule ya awali asemaye "dada anakrai" ameazima shina la kitenzi kutoka Kiingereza, lakini kiambishi cha nafsi na cha wakati amevipachika mahali pake hasa. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Tena tangu umri wa miaka miwili hivi watoto huanza kuchagua lugha kwa kumtazama msikilizaji: bibi huambiwa kwa Kindamba, mwenye duka kwa Kiswahili.

Hofu yetu ina historia. Mwaka 1923, D. J. Saer alichapisha utafiti wa huko Wales uliodai kwamba watoto wa vijijini wenye lugha mbili walikuwa nyuma kiakili ya wenzao wa lugha moja. Tafiti nyingi za enzi hizo hazikuzingatia vya kutosha tofauti za maisha baina ya watoto waliolinganishwa. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa Montreal, Kanada, baada ya kuhakikisha kwamba hali za familia zao zinalingana, na wenye lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Sidai kwamba lugha ya pili humwongezea mtoto akili. Tafiti za baadaye hazikukubaliana juu ya hilo. Nadai tu kwamba haimpunguzii.

Mama aliyekatazwa lugha yake huzungumza kidogo. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni, atampa mtoto amri fupifupi: njoo, kaa, kula. Hadithi, utani na maelezo marefu hubaki katika lugha aliyoambiwa aiache, na bibi naye hunyamaza. Mtoto aliyekuwa akisikia maneno mengi kwa siku sasa husikia machache, na wingi wa mazungumzo ndio chakula cha usemi wake. Ndivyo ilivyo pia kwa wazazi wanaojilazimisha Kiingereza wasichokimudu.

Lakini linaloniumiza zaidi ni la mtoto mgonjwa kweli, ambaye mama yake huambiwa: "Ni lugha mbili tu, ataongea." Katika bonde hili tunawaona watoto waliopata malaria kali iliyofika ubongoni, homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo au usaha wa masikio wa muda mrefu. Yote hayo yaweza kuathiri usikivu au usemi. Lugha mbili hazimzuii mtoto kupata neno la kwanza akikaribia mwaka mmoja, wala kuunganisha maneno mawili akifika miaka 2. Kwa hiyo mtoto asiyeitikia sauti, asiyetoa sauti kama ba-ba wala kuonyesha kwa kidole akiwa na miezi 12, asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili katika lugha yoyote akiwa na miezi 24, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apewe rufaa bila kungoja. Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili huwapandikiza vifaa vya usikivu watoto viziwi. Vifaa hivyo, kama ilivyo pia kwa lugha ya alama, humfaa zaidi mtoto aliyeanza mapema. Kumwambia mama asubiri mpaka mtoto aanze shule ni kumnyima mtoto miaka hiyo.

Wahudumu wenzangu, hesabuni maneno ya lugha zote. "Minzi" na "maji" ni maneno mawili. Mwenye moja tu kati ya hayo bado anayajua maji. Usipoifahamu lugha ya nyumbani, muulize mama: mtoto akitumwa bila kuonyeshwa kwa ishara, anaelewa? Anasema maneno gani, na kwa nani? Wakubwa zake walianza kusema lini? Ni maswali ya dakika chache.

Nanyi wazazi, zungumzeni na watoto kwa lugha mnayoimudu. Kiswahili watakipata kwa majirani na shuleni. Mtoto akichelewa kusema, ombeni masikio yake yapimwe kabla ya kukubali kwamba tatizo ni lugha.