Kakariri Hatua 15, Kapigwa Laivu na Fundi Simu: Chesi Siyo Desa, Jamani!

Wiki hii kwa vijana wa chesi mitandaoni stori ni moja tu. Yule dogo anayejiita profesa, mwenye miwani ya duara na wafuasi wa kutosha, kapigwa laivu na fundi simu wa Kariakoo. Dogo anajulikana kwa video zake za sekunde 30. Anafumba macho, anataja hatua 15 za mwanzo bila kukosea hata moja, halafu anamalizia na namba ya kutuma hela. Darasa lake la WhatsApp ni shilingi 15,000 kwa mwezi.

Kufungwa siyo ishu. Hata Magnus Carlsen anafungwa. Ishu ni alichosema baada ya kufungwa: "Jamaa hajui thiori, kacheza hatua ambayo haipo kitabuni, kanivuruga." Mashabiki wakampa pole kibao. Pole ya nini sasa? Kama mtu asiyejua thiori anakuvuruga wewe unayeijua, basi hiyo unayoijua ni nini?

Turudi kwenye mechi yenyewe. Ulikuwa ule ufunguzi wa Kiitaliano ambao kila anayeanza chesi anakutana nao. Fundi ni mweupe. Katoa askofu, kamrusha farasi mbele kuvamia karibu na mfalme. Dogo akajibu kama kitabu kinavyosema: akasukuma askari wa kati, akampeleka farasi wake ukingoni kumkimbiza askofu, akakubali kuachia askari mmoja. Hatua 8, zote safi. Halafu farasi wa fundi akafukuzwa, na badala ya kurudi alikotoka akaenda pembeni kabisa, ukingoni mwa ubao. Dogo akacheka: "Farasi ukingoni! Huyu kaanza lini chesi?"

Hapo pana vichekesho viwili. Kwanza, farasi wa dogo mwenyewe alikuwa ukingoni muda wote huo. Pili, ile hatua siyo ya ovyo hata kidogo. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, aliicheza karne ya 19, na Bobby Fischer akaifufua mwaka 1963. Ipo kitabuni, tena kitabu kikongwe. Ila kwenye desa la dogo haikuwepo.

Fundi mwenyewe kakiri kwamba hajawahi kumsikia Steinitz. Kapeleka farasi pale kwa sababu hakutaka afukuzwe mara ya pili, basi. Ni sababu ndogo, lakini ni sababu.

Baada ya hapo dogo akafanya kosa ambalo halisemwi sana. Akaanza kubadilishana kete. Malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, fasta fasta, uso umetulia kama anashinda. Kumbe ana askari 6 na mwenzake ana 7. Kadiri kete kubwa zinavyotoka, huyo askari wa saba anazidi kuwa mkubwa. Mwisho akatembea mdogo mdogo mpaka mwisho wa ubao, akawa malkia. Mchezo ukaisha.

Sasa angalia hatua 9 za mweupe hadi pale farasi alipoenda ukingoni. Hatua 3 ni za askari yule yule mmoja, ambaye mwishoni kaliwa. Hatua 3 ni za askofu yule yule. Hatua 3 za farasi yule yule. Kete nyingine zote bado zimelala nyumbani! Ndiyo maana kitabu kinamruhusu mweusi kuachia askari: kanunua muda. Njia za askofu wake zimefunguka, farasi wote wawili wametoka, kazi yake ni kushambulia kabla mwenzake hajaamka. Ukibadilishana kete pale ni kama umekopa hela ya mtaji wa biashara halafu ukaenda kulala. Deni liko palepale.

Dogo alijua hatua zote. Hakujua kwamba anadaiwa.

Wanaoumia hasa ni waliolipa. Kuna binti mmoja wa Mbagala, kamaliza kidato cha nne, anauza barafu nyumbani kwao. Kalipia darasa hilo miezi miwili. Kajaza daftari zima, kakariri mpaka usiku, na kila akicheza na mtu anapotea kwenye hatua ya 6 au ya 7. Akamwandikia mwalimu. Jibu likaja fupi: "Ongeza kukariri." Mwezi wa tatu akajitoa kwenye grupu na ujumbe mmoja tu, kwamba akili ya chesi hana.

Huo ndio uovu wa mambo haya. Mtu anafundishwa vibaya, anaondoka akijilaumu yeye. Shuleni ndivyo ilivyo kwa wengi. Umekariri fomula, swali likaja limegeuzwa kidogo tu, unatoka chumba cha mtihani unajiona mjinga.

Aliyemrudisha binti kwenye chesi ni mzee mmoja wa kijiwe cha drafti jirani na kwao, ambaye chesi hajui hata kupanga. Alimkuta anachezea simu kibarazani, akachungulia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umemlisha huyo bure? Umepata nini?"

Binti akakosa jibu. Kwenye drafti hakuna anayetoa kete bila kujua atakula ngapi, hata mtoto anajua hilo. Yeye kaandika daftari zima la kutoa askari na hajawahi kuuliza bei.

Sasa hivi anasoma ufunguzi mmoja tu. Kila hatua anaiandikia sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida: inafanya nini, inazuia nini. Ikimshinda kuandika, haendi mbele. Halafu anabadilisha hatua ya mpinzani kwa makusudi, anaweka ya ajabu ajabu, anajiuliza kama ina adhabu. Anafikiria kwanza, ndipo anafungua Lichess kuangalia kompyuta inasemaje, na uchambuzi pale ni bure kabisa. Wengi wanaanza na kompyuta. Inawapa namba, wanatikisa kichwa, wanadhani wameelewa.

Na asije mtu kusema kwamba mabingwa nao wanakariri. Wanakumbuka, ndiyo. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 halafu wakawaambia waupange upya. Ubao wa mechi ya kweli, bingwa aliwaacha wengine mbali. Kete zilipotawanywa hovyo bila mpango, ubingwa wake ukayeyuka, akawa karibu sawa na anayeanza. Alikuwa anakumbuka kwa sababu anaona maana.

Walioangalia Queen of Katwe ya Lupita wanamjua Phiona Mutesi wa Kampala. Alipoanza, aliyemfundisha kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Video ya sekunde 30 hakuwa nayo. Alikuwa na uwezo wa kumweleza mwenzake akaelewa, na hicho ndicho kipimo ambacho profesa wa miwani ya duara hajawahi kujaribiwa nacho.

Juzi fundi simu kaombwa marudiano, kakubali, kasema Jumapili baada ya kufunga ofisi. Dogo bado hajajibu. Ila katupia video mpya: sasa hivi ni hatua 20, na darasa limepanda hadi 20,000.