Kimaya Kilisikika, Elimu Yake Ikafichwa

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu ya lugha ya kiasili haina soko. Hao ningewashauri waitazame Apocalypto, filamu ya Mel Gibson iliyotoka mwaka wa 2006. Mazungumzo yake ni ya Kimaya cha Yucatán, lugha yenye wasemaji zaidi ya laki saba nchini Meksiko. Majuzi niliitazama pamoja na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa historia. Hatukujua neno hata moja. Hata hivyo, kijana yule alipokuwa akiwindwa msituni, naye mkewe mjamzito akimngoja shimoni, chai yetu ilipoa bila kuguswa.

Damu ilipozidi, mwenzangu akaniuliza: “Baba Neema, kwani watu hawa hawakuwa na wasomi?”

Swali hilo ndilo lalamiko langu. Wamaya walikuwa na hati yao wenyewe, walitumia sifuri, na walipiga hesabu za mwendo wa Zuhura. Mwaka wa 1562, huko Maní, mtawa Mhispania Diego de Landa aliviteketeza vitabu vyao. Katika filamu, vichwa vinaporomoka ngazi za hekalu. Hata jua linapopatwa, makuhani wanalitumia kuuhadaa umma.

Akitokea wa kuigiza kisa cha Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914, na aigize kwa Kigiriama. Tiketi nitanunua mbili. Ila nitataka kukisikia Kigiriama kikijenga hoja mbele ya wazee wa kaya, si kikipiga mayowe vitani tu.